Cheti cha Konamah

Konamah alikuwa mke wa Boadi kabla yangu, na nitasema mapema nisije nikaonekana mnafiki: nilimwonea wivu tangu siku ya kwanza nilipomtia machoni. Alikuwa anauza viazi vikuu pale sokoni Asafo, shingo yake ina ile mikunjo mitatu inayosifiwa na wanaume wa Kumasi, na sauti yake ilifika mtaa wa pili. Mimi ni mshonaji. Nimeshona magauni ya maharusi wengi kuliko ninavyokumbuka, na shingo kama ile hata mara tano sijaipima.

Boadi alipohamia kwangu nilidhani nimeshinda. Kumbe Konamah alihamia naye. Nikipika supu ya kuku Boadi anaionja, kisha anasema, "Nzuri. Tangawizi tu imepungua." Tangawizi ya nani? Nilijua ya nani, na chakula kikanishinda.

Basi nilitaka kitu kimoja tu: ndoa ya kanisani, mbele za watu, nikiwa na gauni jeupe nililolishona mwenyewe. Nilikuwa na miaka thelathini na minane.

Boadi alifanya kama wazee wake walivyofanya. Alikwenda na ndugu zake nyumbani kwa mjomba wa Konamah, wakazungumza, pombe ya posa ikarudishwa, naye akamnyunyizia mkewe udongo mweupe begani mbele ya mashahidi. Kwetu Waashanti ukishanyunyiziwa ule udongo umeachika, huna deni na mtu. Nilipita mtaani kwao siku ile makusudi. Konamah alikuwa amesimama mlangoni, bega jeupe, anakula karanga. Hakujifuta.

Mwezi uliofuata tukaenda kwa mchungaji kutangaza ndoa.

"Shemasi Boadi," mchungaji akasema, maana Boadi alikuwa shemasi, "wewe na Konamah niliwafungisha mimi mwenyewe humu, mkasaini. Hati ya mahakama ya kuvunja ile ndoa iko wapi?"

"Mchungaji, tumemaliza nyumbani. Udongo umemwagwa."

"Udongo umemaliza ya nyumbani. Sahihi je?"

Boadi alijikuna kisogo. Mume wangu mtarajiwa, fundi wa malori anayeweza kuifungua injini akiwa amefumba macho, alikuwa hajui kwamba ameoa mara mbili mwanamke mmoja, akamwacha mara moja tu.

Tukaenda kwa mwanasheria, mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi. Akamuuliza Boadi, "Mkeo amekukosea nini?"

Boadi akafikiri. Nilimtazama akifikiri, roho ikiniuma. "Hakuna," akasema.

"Basi huna la kumshtakia. Mna muda gani hamkai pamoja?"

"Miaka miwili."

"Miwili inatosha, ila mpaka yeye akubali. Asipokubali, subirini itimie mitano. Njia nyingine ni yeye mwenyewe akushtaki kwa uzinzi. Hiyo ni ya haraka, lakini huyu dada hapa atatajwa jina."

Siku ya pili nikaenda sokoni peke yangu. Konamah aliponiona alipiga makofi.

"Heee! Mke mwenzangu leo kanikumbuka! Karibu, mdogo wangu. Umekuja kununua kiazi, au umekuja kuchukua na meza?"

"Dada Konamah, sikuja kwa ugomvi. Kubali tu muachane mahakamani. Humtaki, yeye hakutaki."

"Nani kakwambia simtaki?" Akashusha kisu alichokuwa akikatia viazi. Wauzaji wenzake wakasogea kusikiliza, hawana haya. "Miaka kumi na saba nimemfulia ovaroli zake zenye grisi. Wewe umempata ameshaoga. Namtaka, na nakuonea wivu mpaka silali. Umeridhika? Kukubali sikubali. Nitashtaki. Nataka karani asimame alitaje jina lako lote, Abena Dufie, mzinifu, watu wasikie. Hutaki, subiri miaka yako mitatu, gauni liliwe na panya."

Nilirudi nyumbani nikiapa sitakubali aibu ile. Lakini nikikaa nikihesabu miaka thelathini na minane na mitatu, jibu lilikuwa lile lile. Nikamwambia Boadi nimekubali.

"Usiogope," akaniambia, akinishika mikono. "Nitaulizwa kama ni kweli, nitasema ndiyo. Neno moja tu, yameisha."

Siku ya kesi Konamah alikuja amevaa vizuri kuliko mimi. Nyuma yake walikaa wazee watatu wa kanisa; aliwaalika yeye. Karani akalitaja jina langu lote, na mahali palipojaa watu kama pale jina lako mwenyewe linakuvua nguo. Nikavumilia. Boadi akapanda kizimbani, akashika Biblia.

"Bwana Boadi, una uhusiano wa kimapenzi na Abena Dufie?"

Akawatazama wale wazee. Akaitazama Biblia. "Hapana, Mheshimiwa. Huyo dada ananishonea tu mashati."

Watu wakaguna. Jaji akanigeukia mimi. "Abena Dufie, nawe umetajwa humu. Unasemaje?"

Ningesema hapana, ushahidi ungekwama, Boadi angebaki shemasi, nami ningebaki mshona mashati. Nikasimama. "Anadanganya, Mheshimiwa. Analala kwangu miaka miwili sasa. Chini ya kitovu ana kovu la kuungua na maji ya rejeta. Muulizeni mkewe kama nasema uongo."

Konamah akafumba macho. "Lipo," akasema polepole. Ndoa ikavunjwa wiki ile ile.

Nilimkuta nje kwenye ngazi siku ya kuchukua hati. Niliisubiri mipasho yake, nilikuwa nimejiandaa hata na majibu. Alinitazama tu, akasema, "Pole, Dufie," akaikunja hati yake, akaitia kifuani. Akashuka anamwita muuza maji kwa ile sauti yake, anacheka naye.

Boadi alikuwa amesimama karibu yangu. Ushemasi walishamvua. "Ungesema hapana tu," akaninong'oneza kwa hasira. "Umeniaibisha mbele ya wazee. Sasa tarehe ya kanisani tutaipangaje?"

Nilikuwa namtazama Konamah anavyovuka barabara bila kugeuka nyuma, nikamwonea wivu kuliko siku zote. Mwenzangu alikuwa ameachika.