Injini Yangu na Kona ya Kushoto

Nilimpelekea mume wangu chai mkononi, kikombe kimejaa hadi mdomoni. Nilipomfikia nikakata kona ghafla. Chai yote ikahamia upande mmoja, ikamwagikia suruali yake.

"Wewe mama, umeingiwa na nini?"

"Hiyo ndiyo oili yako," nikamwambia. "Sasa niambie injini yangu iko wapi."

Nje, pikipiki yangu ilikuwa juu ya mawe, tumbo wazi.

Mtoto wetu alizaliwa na mguu uliopinda ndani. Kila Jumatatu nashuka naye kutoka Sagalla hadi hospitali Voi abadilishwe plasta. Daktari hakunizungusha: ukiruka wiki, mguu unaanza kurudi ulikotoka. Ndiyo maana mama yangu aliuza mbuzi wake nipate pikipiki. Haikuwa ya starehe. Ilikuwa mguu wa mtoto.

Mume wangu na wenzake walikuwa wamechomelea kigari cha mbio kwa mabomba. Injini ya kwanza ilitoka kwa pikipiki yake mwenyewe. Ilikufa wakifanya mazoezi kule chini, kwenye kona ya kushoto, na fundi wao akaja nao nyumbani kutueleza. Nilikuwa nimekaa hapo na mtoto mapajani.

Alisema pikipiki ikikata kona inalala, kwa hivyo oili inabaki chini inapotakiwa. Gari halilali. Oili inarushwa ukutani, pampu inanyonya hewa, vyuma vinasagana vikiwa vikavu. Njia nzuri kabisa ni oili ikae kwenye tangi lake kando, na pampu yake. Hiyo ni ya wenye nazo. Njia ya mtu wa kawaida ni kufungua sampu, lile bakuli la chini, na kuchomelea vizuizi vya bati ndani ili oili isikimbie.

"Itachukua muda gani?" mume wangu akauliza.

"Wiki mbili hivi. Lazima nipime."

"Mbio ni Jumamosi. Tutajaza tu oili hadi shingoni."

Huku mlimani wanaume wote wa bodaboda hujaza hivyo, eti mwinuko unaifanya oili ikimbilie nyuma. Wamerithishana kama dini.

"Ukijaza sana, krenki, kile chuma kinachozunguka humo chini, inaipiga oili inakuwa povu," fundi akasema. "Pampu haisukumi povu, bro."

"Sisi tumejaza tangu pikipiki zije Sagalla. Imekufa ya nani?"

"Yako. Juzi."

Wenzake walicheka. Mimi nilicheka pia, mjinga mimi, kwa sababu sikujua injini itakayojazwa ni ipi.

Sasa alikuwa mbele yangu akipangusa chai.

"Nimeazima tu. Jumamosi jioni itakuwa imerudi mahali pake."

"Injini haiazimwi. Umeing'oa. Vizuizi mmeweka?"

"Tumejaza oili hadi shingoni, inatosha."

"Na Jumatatu nitashuka na nini?"

"Utapata mtu akubebe."

Mtu gani? Mvua ikinyesha hakuna anayepanda huku. Nilishamngoja huyo mtu barabarani mara nyingi, mtoto analia na plasta imelowa.

Asubuhi nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda kwa chifu kwa miguu. Ile plasta ilinigonga kiunoni njia nzima.

"Mama, haya ni ya nyumbani," chifu akasema. "Rudini mkaongee."

"Tumeongea, chifu. Nyumbani hakuna injini."

Akautazama ule mguu, akanisukumia karatasi. Nikaandika:

*Mimi ni mkazi wa Sagalla na mama wa mtoto mmoja. Nalalamika kwamba mume wangu ameng'oa injini ya pikipiki yangu bila ruhusa yangu na kuifunga kwenye gari la mbio. Sampu haina vizuizi na oili imejazwa kupita kiasi. Injini yake mwenyewe ilikufa kwenye gari hilohilo. Naomba aitwe kabla ya Jumamosi, na injini yangu irudishwe ikiwa nzima. Jumatatu mtoto anabadilishwa plasta Voi. Akitaka kukimbia, akimbie na injini isiyobeba mguu wa mtoto wake.*