Mbegu ya Ukwaju Shavuni

Miaka ile ya Ujamaa nilipangiwa kufundisha darasa la saba katika kijiji kipya upande wa Mwandoya. Nilikuwa mwalimu mgeni kazini, mwembamba, mwenye sauti ya kufukuza fisi. Sauti hiyo niliitumia kukumbusha. "Rudisha jembe! Funika mtungi! Wewe, daftari lako liko juu ya kichuguu!" Asubuhi mpaka jioni nilikuwa kumbukumbu ya darasa zima. Nao wanafunzi, kwa kuwa kumbukumbu yao ilikuwa na miguu yake na inawafuata kila walipo, hawakuona sababu ya kutafuta nyingine.

Aliyenichosha kuliko wote alikuwa msichana mmoja wa miaka kama kumi na tano, mrefu, mcheshi, mwepesi wa kuelewa. Kuanza alijua, kumaliza hakujua. Ukimtuma maji, anarudi na habari ndefu ya nyoka aliyemwona kisimani, ndoo hana. Ukimwuliza ndoo, anashika kichwa: "Mayu wane!" Kisha anarudi mbio, na huko njiani anakutana na habari nyingine.

Lakini ngoma ikilia, alikuwa mtu mwingine kabisa. Tulikuwa na bugobogobo, ngoma yetu ya majembe, na katika shule nzima hakuna aliyemfikia. Alilirusha jembe juu, akajizungusha, akalidaka mpini likiwa linashuka, wala wimbo haukukatika. Alitaka kitu kimoja tu duniani: kuongoza ngoma ya shule mjini Bariadi siku ya Saba Saba. Alikitaka mno, mpaka akawa anakiota mchana kweupe, na jembe lenyewe kalisahau shambani.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu wa ndoto. Alimwita mbele yangu. "Asiyemaliza tuta moja la pamba ataongozaje watu?" Akamkatia kipande chake katika shamba letu la kujitegemea: achume pamba yote, atenge safi na fifi, yaani ile yenye madoa, lori la pamba likute magunia yamefungwa. Lori hilo ndilo lingetupeleka mjini. Asipomaliza, ataongoza mwingine, na yeye atabaki kulinda shule. Msichana alitoka analia. Nilimkasirikia mwalimu mkuu kwa ukali ule, ingawa maneno yale aliyapata kwangu, nilipokuwa nalalamika ofisini.

Usiku ule nikaikumbuka karanga ya bibi yangu. Nilipokuwa mdogo, kila aliponituma alinitia mdomoni karanga moja ya kukaanga. "Usiitafune mpaka useme nilichokutuma." Karanga ikikaa shavuni unakumbuka kwamba una kazi. Tena inakufunga mdomo, marafiki wa njiani wakakuchoka upesi. Nilikuwa nafika na karanga imelowa chapachapa, lakini ujumbe mzima.

Kesho yake nikampeleka msichana shambani na sahani ya karanga. Nikamwambia kabla hajagusa pamba anieleze ataanza na nini, kisha nini. Halafu aweke karanga shavuni, na tuta likiisha ndipo aitafune. Akaeleza vizuri sana. Akaweka karanga. Hajafika kwenye mche wa kwanza nikasikia kwacha.

"Mwalimu, imejitafuna yenyewe."

Nikampa ya pili, nayo ikajitafuna. Kufika saa sita alikuwa amekula karanga za shamba zima, na pamba aliyochuma isingejaza mto wa kulalia. Nilipiga kelele mpaka kunguru wakahama. Nilimwambia sikio la kufa halisikii dawa. Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Asubuhi iliyofuata alikuja na mbegu ya ukwaju.

"Karanga yaya, hapana, mwalimu. Karanga inaniita. Hii haitafuniki."

Nilitaka kumwambia kwamba hivyo sivyo, kwamba kwa bibi kazi yenyewe ilikuwa kujizuia. Nilipofungua mdomo, mbegu yake ilishaingia. Akanionyesha kwa vidole: kwanza pamba iliyofunguka vizuri, kwenye mfuko mkubwa, ile yenye madoa na takataka, kwenye mfuko mdogo, kisha tuta la pili. Akaingia shambani. Sikuwa na mtu wa kugombana naye. Nilisimama pale na karanga zangu nikaanza kuelewa taratibu. Mimi nilikuwa nimempa mtihani, yeye akajipatia dawa. Alijua mtungi wake unavuja wapi, akapaziba. Bibi yangu hakunifundisha hilo, maana mimi karanga hazikuwahi kuniita kwa nguvu hivyo.

Siku moja mwenyekiti wa kijiji alipita kando ya shamba. "Mwangaluka!" akamsalimu. Kwetu kutoitika salamu ya mkubwa ni jambo la kuitiwa wazazi. Msichana akapiga magoti, akainamisha kichwa, kimya, shavu limetuna.

"Mtoto anaumwa jino?" mwenyekiti akaniuliza.

"Ana tuta, ndugu mwenyekiti."

Akamaliza tuta. Akatema mbegu kiganjani, akamkimbilia mzee aliyekwisha kufika mbali, akapiga magoti upya. "Mwangaluka, baba!" Akamwulizia mama, watoto, ng'ombe, ndama, na yule ndama mwenye mguu mbovu, mpaka mwenyekiti akawa anatafuta pa kuchomokea.

Bandubandu huisha gogo. Lori lilikuta magunia yamefungwa, isipokuwa moja ambalo mwalimu mkuu aliagiza lifunguliwe. Alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko akitafuta fifi ndani ya safi. Akatoka na jani moja kavu. Akalitazama mbele na nyuma, akalitupa.

"Ongoza," alisema.

Tukaenda Bariadi juu ya magunia, tunaimba, vumbi limetupaka rangi moja. Uwanjani watu walikuwa wamejaa. Shule iliyotutangulia ilikuwa inatoka. Nikamshika msichana bega. "Jembe usilirushe juu sana, kuna upepo. Wimbo usiukimbize. Ukigeuka, anza na mguu wa—"

Alifungua fundo la kanga yake, akatoa mbegu ya ukwaju, akaifuta.

"Mwalimu, weka wewe."

"Mimi?"

"Mpaka tumalize. Nimeiosha."

Nikatazama kulia na kushoto. Walimu wa wilaya nzima walikuwa pale. Nikaitia mbegu shavuni.

Ngoma ikalia. Akaingia mbele ya wenzake, sauti yake ikapanda, wakaitika, majembe yakainuka na kushuka pamoja. Mzunguko wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Wa tatu akalirusha jembe juu kuliko nilivyowahi kumruhusu. Likageuka hewani, likawaka kwa jua, upepo ukalisukuma pembeni, nami nikaliona linavyokwenda. Jina lake lilinijaa kooni. Nikaing'ata mbegu, na kweli haitafuniki. Akasogea hatua moja, wimbo uko mdomoni, akanyoosha mkono akalidaka, bila mimi.