Harusi ya Koku na Kamera Yangu

Nicheke mwenyewe kwanza kabla hamjanicheka, maana kila nikienda kwa dada yangu Adelina kule Rugu nawekwa kwenye kiti kinachotazamana na ile picha, na mgeni akishaitazama picha ananigeukia mimi.

Shule niliiacha darasa la nne, lakini kahawa nimenunua Karagwe nzima, nyumba ya bati nimejenga, pikapu ninayo, na mwaka ule nikapata kamera ya lenzi kubwa, ile ya kuchomoa na kuchomeka, ambayo hata mwalimu mkuu hakuwa nayo. Basi dada akawa anamwoza bintiye, Koku. Watu walikuwa wamenong'ona kwamba binti ana mimba (hakuwa nayo, waitu, ndugu zangu, wivu tu!), na kanisani kwetu mwenye mimba havishwi shela. Kwa hiyo dada alitaka kitu kimoja: picha ya Koku na shela lake, aitundike ukutani, midomo ifungwe. Akasema amwite Deo, mpiga picha wa Kayanga.

"Dada, umwite Deo na mimi nipo?" nikamwambia. "Kamera yake si mtoto wa hii yangu?"

Siku ya harusi nilipiga, jamani! Nilipanda benchi, nikamsogeza mchungaji kwa bega, nikaikatiza kwaya. Mkanda ulikuwa wa picha thelathini na sita, mimi nikafika hamsini na mkono wa kamera bado unavutika laini, nikawatangazia watu kwamba mashine yangu haichoki.

Deo, aliyekuja kula tu kama mgeni, akanisogelea. "Shikamoo mzee. Ukivuta mkono, kile kitufe cha kushoto kinazunguka?"

"Marahaba. Kula ndizi zako!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote.

Kumbe mkanda haukunasa kwenye meno ya kamera, ndiyo maana kile kitufe hakikuzunguka. Ulishinda umelala ndani ya kikopo chake. Ulikwenda Mwanza kusafishwa, ukarudi baada ya miezi mitano, hauna hata kivuli cha mtu.

Dada hakupiga kelele. Alisema tu, "Mdogo wangu, irudishe harusi."

Nikamfuata Deo mwenyewe, kofia mkononi. Shela likaazimwa, maharusi wakaitwa, mchungaji akakataa kuja ("nilishawafungisha, sifungishi mara mbili"). Ila sasa Koku alikuwa na mimba kweli. Gauni tukalibana mgongoni kwa pini, dada akampa shada kubwa la maua alishike mbele ya tumbo, na kwa kweli hakuna kilichoonekana. Deo alikuwa amebakiza picha moja (mikanda wakati ule ilitafutwa kama sukari). Ningenyamaza! Lakini nikasema, "Geukeni ubavu, mtazamane, ndio mtindo wa mjini."

Deo akaniangalia. "Una hakika, mzee?"

"Bofya!"

Akabofya.

Dada aliitundika hivyo hivyo, shela, maua, na tumbo limeyasukuma maua mbele. Mgeni akishtuka, "Mawe, mama yangu! Adelina, binti alifungishwa ndoa hivi?" dada ananyoosha kidole tu: "Muulize mjomba wake, yuko hapo." Nami naanza upya kueleza, na kadiri ninavyoeleza ndivyo wanavyozidi kutoniamini.

Kamera nilimpa Deo. Siku hizi nikiitwa kwenye picha nasimama pale ninapoambiwa, na mdomo nimeufunga.