Hodi ya kisimani iliyotokea nyumbani

Leo kisima kimejibu hodi, na jibu limetokea nyuma yetu.

Ngojeni niwaeleze.

Mtaalamu wa mgodi wa jasi alikuja kwa jirani yangu Mama Halima, huku nje ya Garsen, kupima kama machimbo yao ya chini kwa chini ndiyo yaliyokausha kisima chake. Akisema ndiyo, mgodi unamchimbia kingine. Akisema hapana, mama na ng'ombe wake wahame.

Akateremsha kamba ya kupimia, akatikisa kichwa kisomi.

"Mama, huu ni ukame tu."

"Haya. Ngoja nikuchotee maji yaliyobaki uyaone."

Kwetu hakuna anayeshusha ndoo bila hodi, maana huenda mtu yumo chini anazoa tope. Mama Halima akainama: "Hodi!"

Zamani sauti ilirudi palepale mdomoni pa kisima.

Leo, kimya.

Kisha "hodiii" ikatoka nyuma yetu, kwenye ufa wa sakafu ya nyumba yake.

Mtaalamu alikwenda kusogeza gari lake lililokuwa kando ya nyumba, mbali kabisa. (Mimi nilikuwa nimeshatangulia.)

Mama Halima akamwita: "Ya kisima tuyaache, mwanangu. Leo watoto nawalaza wapi, juu ya shimo lenu?"

Nyinyi mngemwambia nini?