Mwanangu Mwalimu wa Theluji

Sisi watu wa Nizwa, huku Omani, ikisikika tu kuwa mlimani Jabal Shams kumeanguka barafu, tunavaa makoti na kupakia watoto garini tuiwahi kabla haijayeyuka. Tunaipiga picha, tunaishika kidogo, tunasema subhanallah, tunarudi nyumbani kunywa chai ya maziwa. Kwa hivyo theluji kwangu mie ilikuwa kitu cha kutazama asubuhi moja na kukisahau. Binti yangu aliponambia kwamba anataka kuifanya kazi, nilidhani ananifanyia mzaha.

Alikuwa ameshamaliza chuo, anatafuta kazi na kazi haionekani. Siku za mapumziko alikuwa akenda mjini kwenye ule ukumbi wa theluji uliomo ndani ya jengo la maduka, akiwafundisha watoto wa watu kuteleza. Nikimwachia, nikijisemea ni mchezo wa ujana, utampita. Haukumpita. Alitaka kusomea ualimu wa kuteleza kwenye mlima wa kweli, msimu mzima wa baridi, peke yake, nchi za watu.

Baba yake ni mtu mpole, na upole wake ndio unaoniponza. Alisema nikiridhika mie, na yeye ameridhika. Yaani mzigo wote akanitwika, akenda zake msikitini. Dada yangu wa Ibra akapiga simu kunambia kuwa mtoto wa kike haachwi juu ya mlima kama mbuzi. Nikamjibu kuwa mbuzi wa Jabal Akhdar wana akili kumshinda yeye, lakini moyoni nilikuwa upande wake.

Binti akanikalisha sebuleni na simu yake, akanipitisha milima ya dunia. Uswisi pazuri, lakini viza yake ina usumbufu na shule aliyoipata ilitaka mtu awe na cheti kabla hajafika. Japani theluji yake laini kama unga, ila mbali. Nyuzilandi baridi yao huja wakati sisi tunaungua na jua, nikapapenda kidogo, mpaka aliponionesha kwenye ramani palipo. Ikabaki Jojia: ndege ya karibu, viza hatuhitaji, na kuna shule ndogo mlimani inayopokea wanaoanza, wakawa wanasoma huku wanasaidia kufundisha watoto. Kwa hivyo ikawa Jojia, ikiwa mie nitakubali.

Na mie nina sharti langu nililolirithi kwa mama yangu, naye alilitoa Unguja kwa mama yake: mtoto halali nyumba ya watu mpaka mama yake kwanza ale chakula cha nyumba ile. Ukila kwa mtu unamjua. Unaona sahani zake, unaona anavyosema na mumewe, unaona nani anakaribishwa ndani na nani anaachwa mlangoni. Nikamwambia tutakwenda pamoja. Nikila kwa mkufunzi wa shule ile, ambaye binti atalala kwake, na moyo ukatulia, atabaki, usipotulia tutarudi sote. Hakubisha. Alikunja tu mikono, nikajua anaogopa.

Nikafunga halwa ya soko la Nizwa, dele la kahawa na vifinjani vyake vya kunywea, nikavaa kila nguo niliyokuwa nayo chini ya abaya. Gari ilipopinda kona ya mwisho, mlima ukajitokeza. Kweupe chini, kweupe juu, kweupe mpaka macho yanauma, na kimya ambacho sijapata kukisikia, na watu wanashuka kutoka huko juu wadogo kama sisimizi. Nikasoma Ayatul Kursi mara nisizozijua idadi. Wallahi niliogopa na nikapenda kwa pamoja, na nilikuwa sijui kama mtu anaweza.

Mkufunzi alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, uso umeungua na jua la mlimani. Alitupikia maharage na mkate wa jibini, kwa kuwa binti alishamwambia nyama hatuli ovyo. Nikala, nikaridhika na mkono wake, binti akitufasiria. Kisha nikatoa halwa yangu, nikammiminia kahawa. Kwetu mtu akitosheka hukitikisa kifinjani. Asipokitikisa, unammiminia tena. Basi yule mama hakitikisi. Namimina, anakunywa. Namimina tena, anakunywa, ananitazama kwa adabu na jasho linamtoka, nami najisemea kumbe watu hawa wanapenda kahawa hivi. Maskini, kwao kukataa kinywaji alichokuja nacho mgeni ni aibu. Binti yangu ndiye aliyetuokoa, akamshika mkono na kumwonesha namna ya kukitikisa. Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma.

Alipopata pumzi, akasema maneno ambayo binti yangu alisita kuyafasiri.

"Mama umenifundisha kunywa. Kesho binti yako akufundishe kusimama. Nikiona anaweza kumfundisha mama yake, nitampokea."

Khaa! Nilikwenda kuwapima wao, kumbe tunaopimwa ni sisi. Nilitaka kukataa, na maneno ya kukatalia nilikuwa nayo tele. Nikamtazama binti yangu, nikaona amekiweka chini kipande chake cha halwa, hali tena. Nikasema inshallah.

Asubuhi wakanivisha viatu vizito kama vya chuma, wakanifunga mbao mbili miguuni, abaya nimeikunja kiunoni juu ya suruali nene. Ulikuwa mteremko wa watoto wadogo tu, lakini nikawa nasema nishusheni, nishusheni, na hapakuwa na pa kushushwa. Mkufunzi kasimama pembeni, mikono nyuma, haingilii.

Na binti yangu akabadilika. Nyumbani namsemesha Kiswahili ananijibu Kiarabu, tunagombana kila siku. Pale akanijia mbele, akanielekea, akawa anateleza kinyumenyume, akanishika mikono yote miwili, akasema kwa Kiswahili, taratibu:

"Usitazame miguu, mama. Nitazame mie. Simama dede."

Dede! Neno nililokuwa nikimwambia mie, nikirudi nyuma uwani kwetu, yeye ndio kwanza anaota meno. Wala hakulisema kwa mzaha. Ndilo neno alilokuwa nalo kwa jambo lile. Nikainua macho. Nyuma yake mlima wote, na yeye hatazami anakokwenda, miguu yake inajua. Kikanishika kicho cha kumwona mtu mkubwa aliyetoka tumboni mwangu na nilikuwa simjui. Nikalia, machozi yakanipoa mashavuni.

Tukashuka hivyo kidogo kidogo. Nikahisi vidole vyake vinalegea, kisha vinakaza tena. Theluji haikuwa ikimtia wasiwasi hata chembe. Alikuwa akiningoja mie niseme.

"Niachie," nikamwambia.

Akaniuliza kama nina hakika.

"Niachie, mwanangu. Utabaki."

Akaniachia. Nilikwenda mwenyewe, si mbali, kisha nikaanguka kwa matako na mtandio ukanifunika uso. Nilipoufunua, mkufunzi alikuwa anapiga makofi na kumwita binti yangu kwa furaha, ameshampokea. Binti yangu hakumgeukia, wala hakunikimbilia. Alisimama palepale, mikono yote miwili ameninyooshea, akiningoja ninyanyuke.