Fundi Aliniuliza Kama Bomba Liko Wazi

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema kwa sababu nimekaa nalo miezi minane nikiwa nimembebesha mtu mwingine, na mtu huyo alilibeba.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, tunakaa Ilemela, nyumba ya tatu kutoka ziwani. Anayekaa huku anawajua wale wadudu wadogo wanaoinuka majini kama moshi na kutua juu ya kila kitu. Ukianika shuka jeupe, unaanua shuka la madoadoa. Kwa hiyo mdogo wangu anayeishi Ulaya aliponitumia mashine ya kukaushia nguo, sikuiona kama anasa. Majirani walinicheka, eti jua lote hili la Mwanza na bado nataka la umeme. Niliwaacha wacheke na wadudu wao.

Mashine ile ina bomba nene linalopita ukutani na kutoa hewa ya moto nje. Haikuchukua muda nikaona wadudu wanaingilia humo humo, nawakuta ndani kwenye nguo. Nikakata kipande cha chandarua cha zamani, nikakikunja mara mbili, nikakifunga kwenye mdomo wa bomba kwa mpira wa tyubu. Nilijipongeza sana. Hoja yangu ilikuwa kwamba sisi tunalala ndani ya chandarua kila siku na tunapumua vizuri tu.

Baada ya miezi kadhaa mashine ikaanza kuchoka. Nguo za dakika arobaini zikawa zinachukua saa mbili, mwishowe ikawa inazunguka tu bila joto. Nikamwita fundi mmoja wa Buswelu, kijana mwenye mke, ana kibanda cha kutengeneza friji na feni. Jina lake silitaji. Nilishalitaja vya kutosha.

Alikuja asubuhi, akanipa shikamoo, akavua viatu mlangoni ingawa nilimwambia apite navyo. Akafungua mashine, akasafisha chujio, akanionyesha kidude kidogo kinachokata umeme joto likizidi na kuurudisha likipoa. Kilikuwa kimekufa. Akaenda mjini, akarudi na kipya, akakifunga.

"Mama, hiki hakifi bure," akasema. "Bomba la nje liko wazi?"

"Liko wazi."

"Naweza kuzunguka nyuma nikalitazama?"

"Mwenye nyumba ni mimi. Nimekwambia liko wazi."

Akaangalia chini. "Sawa mama," akasema, akakusanya vifaa vyake akaondoka.

Nilikuwa na haraka. Majoho kumi na mawili ya kwaya yetu ya kina mama yalikuwa yamelowa kwenye mabeseni, Jumapili tunampokea mchungaji mpya, na wadudu walikuwa wamechachamaa nje. Mimi mwenyewe nilisimama mbele ya kwaya nikasema nileteeni, nina mashine.

Nikaanza na majoho sita. Nusu saa haijaisha nikasikia harufu ya kuungua, na mashine ikajizima yenyewe. Nilipofungua, majoho meupe yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na mikono mingine imejikunja ikakakamaa. Jumapili ile tuliimba sita tukiwa na majoho na sita tukiwa na vitenge. Mchungaji mpya alitushukuru kwa ubunifu.

Kina mama wakaniuliza kulikoni. Hapo nilipaswa kusema sijui. Nikasema fundi amechomoa kifaa halisi akaniwekea feki. Nilisema kwa uhakika wa mtu aliyeona kwa macho. Nilipofika nyumbani nikaandika hivyo hivyo kwenye kundi la mtaa kwenye simu, nikaweka jina lake na picha yake aliyokuwa anaitumia kutangaza kibanda, nikamalizia kwamba huyu ni mwizi, jihadharini naye. Watu wakaipeleka kwenye makundi mengine. Fundi alinipigia mara tatu. Sikupokea.

Wiki iliyofuata nilizunguka nyuma ya nyumba kumtafuta kuku anayetaga ovyo. Nikaliona bomba. Chandarua chenyewe hakikuonekana tena. Palikuwa na kitu kama blanketi la kijivu, manyoya ya nguo yameshikamana na wadudu waliokufa, hata kidole hakipenyi. Nikakivuta, nikarudi ndani, nikawasha mashine na mashuka mawili. Dakika arobaini, yamekauka. Kile kidude nilichokiita feki kilikuwa kizima, na ndicho kilichozima mashine kabla nyumba haijashika moto.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Kisha nikachukua kile chandarua nikakifukia kwenye shimo la taka.

Mume wangu aliniona. Aliuliza swali moja tu, "Utawaambia?" Nikamjibu nitawaambia. Kuanzia siku hiyo mashati yake anafua mwenyewe na kuyaanika kwenye kamba. Anakwenda kazini na wadudu kwenye kola. Katika miaka ishirini na sita ya ndoa hajawahi kunifokea, na safari hii niliomba anifokee.

Baada ya miezi miwili nikasikia kibanda cha fundi kimefungwa, amehamia Sengerema kwa wakwe zake. Zamani ningesingizia foleni ya kivuko pale Busisi. Sasa daraja lipo, nikakosa kisingizio. Mwezi uliopita nikaenda.

Nilimkuta anapalilia mihogo ya baba mkwe wake. "Shikamoo mama," akasema, nami nikaitikia marahaba. Nikamweleza yote, chandarua na shimo la taka. Alisikiliza huku ameegemea jembe.

"Nilijua, mama. Nilivyoishika tu ile mashine nilijua bomba limeziba."

"Sasa mbona hukwenda kuangalia?"

"Ulishasema liko wazi. Ningezunguka kule nyuma, ni sawa na kukwambia unaniongopea. Wewe ni kama mama yangu mzazi. Ningeanzaje?"

Nililia, mtu mzima mimi, katikati ya mihogo. Kijana alinistahi, na mimi nikamlipa kwa kumwita mwizi.

Nikamwomba arudi Buswelu, nitamsaidia kufungua kibanda. Akatikisa kichwa. Alisema amenisamehe, lakini mtu hakupi friji yake kama hakuamini, na kule hakuna anayemwamini tena. Aliniomba jambo moja tu, niandike ukweli kule kule nilikoandika uongo.

Nimeandika. Waliosambaza maneno ya kwanza kwa saa moja hawakuyasambaza haya. Walinijibu "pole mama", wakaendelea na mengine. Juzi mgeni mtaani kwetu aliuliza fundi mzuri wa friji ni nani. Mtu akamjibu kwa kumtumia picha ile ile, na maneno yangu chini yake, akaongeza yeyote isipokuwa huyu. Nikaandika tena kusahihisha. Naona hii ndiyo kazi yangu ya uzeeni.

Nawaomba ninyi wa rika langu, tunaoamkiwa shikamoo kila kona. Fundi akikuuliza, inuka uende naye ukaangalie. Kijana akisema "sawa mama" usidhani umemshinda kwa hoja. Na picha ya mtu usiiweke kwenye kundi ukiwa na hasira, maana hutaweza kuifuata kila inakokwenda.

Kuna moja sikumwambia hata mume wangu. Siku ile shambani mke wa fundi alituletea maji. Alinitazama usoni muda mrefu, akamuuliza mumewe, "Huyu ndiye yule mama wa kwenye simu?"

"Hapana," fundi akasema. "Huyu ni mteja wangu wa zamani."

Nikapokea maji, nikanywa, nikashukuru, nikanyamaza.

Mwanangu uliyetuletea maji, kama unasoma hapa, yule mama wa kwenye simu ndiye mimi.