Jina Alilolitaka Mama

Wanachama wa tawi letu hapa Mtinko tuliitwa tuseme chama chetu, kisichopenda mageuzi, kimsimamishe nani kugombea urais. Mimi ndiye katibu. Mwenyekiti, mzee wa rika la baba, alitaja jina moja akauliza kama kuna mwenye jingine. Kwetu mkubwa akishasema, nani afungue mdomo? Mama, naye mwanachama, alipiga makofi pamoja na wengine.

Tuliporudi nyumbani, mama, huku akipepeta alizeti, akanitajia kwa Kinyaturu, lugha yetu, mtu aliyemtaka hasa, na sababu zake zote. Nilikasirika.

“Sasa mama, mbona kikaoni ulinyamaza?”

“Kalamu ulikuwa nayo wewe, mwanangu. Mbona hukuniuliza?”

Nikafunua daftari la tawi. Muhtasari nilikuwa nimeuandika asubuhi, kabla kikao hakijaanza: wanachama wote wameafiki.